Utani wa Marubani na Yaliyomo Ndani Yake



Siku ya Wanafunzi wa Zamani, mwaka jana, niliketi meza moja na mzee aliyesoma hapa zamani sana, ambaye baadaye alikuwa fundi wa ndege katika kiwanja cha Entebbe kwa miaka mingi. Wenzangu walitaka atueleze jinsi injini ya jeti ifanyavyo kazi. Yeye alikataa. Alisema kwamba hayo yamo vitabuni na kila mwenye macho aweza kuyasoma, bali yeye atatupa yale ambayo hayamo vitabuni, yaani vichekesho wanavyoambiana marubani na mafundi. Tulicheka mpaka chai ikapoa. Lakini usiku, taa zilipokwisha kuzimwa bwenini, nilivirudia kimoja kimoja moyoni nikaona kwamba karibu vyote vina kokwa ndani yake. Tangu siku ile nimekuwa nikitafuta habari za ndege kila nipatapo nafasi, na haya ndiyo niliyoyakusanya.

Nianze na majina, maana utani huanzia hapo. Mashirika ya ndege ya zamani yalipenda kujiita kwa herufi za kwanza za majina marefu. Qantas, shirika la Australia lililoanzishwa mwaka 1920, lilitwaa herufi zake katika maneno Queensland and Northern Territory Aerial Services. Sabena ya Ubelgiji, iliyoanzishwa mwaka 1923, ilikuwa na jina la Kifaransa refu kama treni. Basi marubani na abiria wakaziona herufi hizo kama makopo matupu, wakayajaza maneno yao wenyewe. SABENA wakaisoma "Such A Bad Experience, Never Again", yaani nimeona mabaya, sirudi tena. Alitalia ya Italia ikawa "Always Late In Take-off, Always Late In Arrival", kuchelewa kuondoka na kuchelewa kufika. TAP ya Ureno ikawa "Take Another Plane", panda ndege nyingine. Na BOAC, shirika kubwa la Waingereza lililokuwapo mpaka mwaka 1974, likaitwa "Better On A Camel", afadhali kupanda ngamia.

Utani huu wa mwisho hautendi haki hata kidogo, hasa ukisemwa na mtu wa Uganda. Shirika hilo ndilo lililoanza safari ya kwanza duniani ya kuchukua abiria kwa ndege ya jeti, tarehe 2 Mei 1952. Ndege yenyewe ilikuwa Comet yenye viti 36. Ilitoka London ikapita Rome, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, ikafika Johannesburg kwa muda wa karibu saa 24. Maana yake ni kwamba watu wa Entebbe waliisikia jeti ya abiria ikilia juu ya ziwa wakati miji mingi mikubwa ya Ulaya haijaisikia. Ngamia gani angefanya hivyo? Lakini yafaa kuongeza kwamba miaka miwili baadaye, mwezi Januari na mwezi Aprili 1954, Comet mbili zilivunjika angani karibu na Italia wakafa wote waliokuwamo. Mafundi wa Uingereza walitia Comet nzima ndani ya tangi la maji, wakaisukuma kwa maji tena na tena mpaka bati lake likapasuka, ndipo wakajua kwamba madini ya ndege zile yalikuwa yamechoka kama mtu achokavyo. Juu ya jambo hilo sikupata utani wowote, wala sikutazamia kuupata.

Jina ambalo mimi naliona bora kupita yote halikutokana na herufi. Majirani zetu wa Kongo walikuwa na shirika lililoanzishwa mwaka 1961 kwa jina la Air Congo, na nchi ilipobadilishwa jina mwaka 1971 likawa Air Zaïre. Watu wake waliliita "Air Peut-être", ndiyo kusema Ndege Labda. Labda itakuja, labda haitakuja. Mtu asiyeijua nchi ile aweza kudhani kwamba ni mchezo wa maneno tu. Lakini tazameni ramani. Nchi ni kubwa kuliko Uganda mara tisa na zaidi, misitu imeikata katikati, na mahali pengi barabara ni jina tu. Mtu wa Kisangani akitaka kufika Kinshasa lazima apande ndege, au ashuke na mto kwa siku nyingi. Kwa hiyo "labda" hiyo ilikuwa labda ya mgonjwa anayengojewa hospitali, na labda ya maiti anayengojewa nyumbani. Shirika lilifungwa mwaka 1995. Watu waliokuwa hawana mahali pa kupeleka mashtaka yao waliyatia katika neno moja, na neno limeishi kuliko shirika.

Sasa tuingie karakana. Kila ndege ina daftari ambalo rubani huandika humo kasoro aliyoiona safarini, na chini yake fundi huandika alivyoitengeneza na kutia sahihi yake. Kuhusu daftari hilo kuna vichekesho vinavyosimuliwa dunia nzima, na kila fundi husema vilitokea katika karakana yake. Rubani ameandika: "Kuna kitu kimelegea chumbani mwa marubani." Fundi amejibu: "Kuna kitu kimekazwa chumbani mwa marubani." Rubani: "Tairi la kushoto la ndani karibu litahitaji kubadilishwa." Fundi: "Tairi la kushoto la ndani limekaribia kubadilishwa." Rubani: "Wadudu waliokufa wako juu ya kioo cha mbele." Fundi: "Wadudu walio hai wameagizwa, hawajafika." Na cha nne, rubani: "Pana dalili ya mafuta kuvuja katika mguu wa kulia." Fundi: "Dalili imeondolewa."

Mzee wetu alivicheka vitatu vya kwanza. Cha nne alikisimulia pasipo kucheka. Alisema, "Huyu wa nne nimemwona. Alikuwa na kitambaa mkononi." Kuifuta dalili na kuuacha ugonjwa ni dhambi kubwa ya kazi yao. Ndiyo sababu sheria za urushaji wa ndege ni kali juu ya daftari lile. Fundi asiye na cheti cha ndege ya aina ile hawezi kutia sahihi. Kasoro ndogo zaweza kuahirishwa, lakini ni zile tu zilizotajwa katika orodha iliyokubaliwa na serikali, na kwa siku zilizohesabiwa, wala si kwa kadiri ya huruma ya fundi. Rubani mkuu hulisoma daftari kabla ya kuondoka, na akishakubali kuichukua ndege, mzigo umehamia mabegani mwake. Kichekesho cha tairi kinamcheka rubani pia. Ameandika "karibu", na "karibu" si kipimo. Mwalimu wetu wa fizikia angemrudishia daftari lake na alama nyekundu.

Abiria nao wana hadithi zao, na ile ya kutua ni maarufu. Ndege imegonga ardhi kwa kishindo mpaka mizigo ikaanguka. Rubani amesimama mlangoni, kama ilivyo desturi, akiwaaga abiria kwa aibu. Wote wapita kimya. Bibi mmoja mwenye mkongojo akasimama mbele yake akauliza kwa upole, "Mwanangu, tumetua, au tumetunguliwa?"

Katika jambo hili nitamtetea rubani. Abiria hupima ujuzi wa rubani kwa wororo wa kutua, kwa kuwa ndilo jambo pekee anaweza kulipima akiwa kitini. Lakini njia ya kurukia ikiwa imelowa, kama ilivyo mara nyingi Entebbe mvua ya ziwani inapoanguka, kutua kwa wororo kwaweza kuwa na hatari. Gurudumu likigusa maji polepole huweza kuteleza juu yake kama mtumbwi lisishike ardhi, na breki zisifae kitu. Marubani hufundishwa wakati kama huo kuigusa ardhi kwa nguvu kidogo, ili matairi yapasue maji, na vibao vya juu ya mabawa vifunguke upesi na kuugandamiza uzito wa ndege juu ya magurudumu. Kwa hiyo yule bibi huenda alimcheka mtu aliyekuwa akimwokoa.

Kaka zetu waliosafiri hulalamika pia juu ya masikio na chakula. Ndege kubwa hupaa kiasi cha futi 35,000, na huko hewa ni haba, mtu hawezi kuishi. Basi hewa husukumwa ndani, lakini haisukumwi mpaka ilingane na hewa ya hapa chini, maana hapo bati la ndege lingebeba nguvu nyingi mno. Huwekwa kama hewa ya mlima usiozidi futi 8,000. Abiria, kwa hiyo, amekaa mahali palipo juu kidogo kupita Kabale, ila Kabale hapana ukavu kama ule. Ukavu huo na hewa hiyo haba hupunguza nguvu ya ulimi na pua, hasa katika kuonja chumvi na sukari. Mpishi hulaumiwa, na pengine kweli ana makosa, lakini si yote yake. Ndege ikishuka, hewa ya ndani huongezeka, nayo lazima ipite katika mrija mwembamba utokao nyuma ya koo mpaka ndani ya sikio. Kumeza mate huufungua mrija huo. Mtoto mchanga anayelia wakati wa kutua, na watu wakamkunjia uso mama yake, anajitibu masikio bila kujua.

Juu ya mizigo nitaeleza moja tu, kwa sababu hadithi za mizigo hazina mwisho. Abiria mmoja alimwambia karani kiwanjani, "Mimi naenda Nairobi. Sanduku hili lipelekeni London, na hili jingine Bombay." Karani akajibu, "Bwana, hatuwezi kufanya hivyo." Abiria akasema, "Mbona mwezi uliopita mliweza?" Mmoja wa kaka zetu alicheka kicheko kirefu sana kuliko sisi. Baadaye tulijua kwamba sanduku lake la harusi lilipotea siku kumi na moja, akaoa kwa suti ya shemeji yake. Kwa faida ya wanaosafiri, tazameni ile karatasi inayofungwa mkononi mwa sanduku kabla halijaondoka machoni penu. Ina herufi tatu za mahali liendapo: EBB ni Entebbe, NBO ni Nairobi, DAR ni Dar es Salaam, KGL ni Kigali. Herufi moja ikikosewa, sanduku huona nchi ambazo mwenyewe hatazifikia.

Marubani wana misemo yao, nusu mzaha nusu mafundisho. Husema kwamba kuruka ni hiari lakini kutua ni lazima. Husema, afadhali kuwa chini ukitamani kuwa juu, kuliko kuwa juu ukitamani kuwa chini. Na husema kwamba vitu vitatu havimfai rubani kabisa: anga iliyo juu yake, njia ya kurukia iliyokwisha kuwa nyuma yake, na mafuta yaliyobaki ndani ya lori. Kichekesho cha kisasa zaidi ni cha rubani na mbwa. Ati katika ndege za kesho chumba cha mbele kitakuwa na mtu mmoja na mbwa mmoja. Kazi ya mtu ni kumlisha mbwa, na kazi ya mbwa ni kumng'ata mtu akithubutu kugusa kitu chochote.

Hayo ya mafuta nayashika kwa sababu ya jambo lililotokea mjini Portland, Marekani, tarehe 28 Desemba 1978. Ndege ya United aina ya DC-8 ilikuwa ikikaribia kutua, na miguu yake iliposhushwa ikatoa kishindo kisicho cha kawaida. Rubani mkuu akaamua kuzunguka angani kwanza, ili alichunguze jambo lile na kuwaandaa abiria. Alizunguka karibu saa nzima. Rubani msaidizi na injinia wa ndani ya ndege waliona mafuta yakipungua. Walilitaja jambo hilo, ndiyo, lakini walilitaja kwa adabu, kando kando, kama mtoto anayemkumbusha baba yake ada ya shule. Injini zote nne zikazimika kwa kukosa mafuta, ndege ikaangukia vitongoji vya mji. Katika watu 189 walikufa 10.

Hapa ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo. Je, mzaha katika chumba cha marubani wafaa au haufai? Jibu la kwanza ni kwamba mzaha huua. Tarehe 11 Septemba 1974 ndege ya Eastern iliyokuwa ikitua Charlotte, Marekani, ilianguka katika ukungu kabla ya kufika kiwanjani, wakafa watu zaidi ya 70. Chombo kinachonasa sauti za marubani kilionyesha kwamba walikuwa wakizungumza siasa na magari yaliyotumika, huku ndege ikishuka chini ya kimo kilichotakiwa. Kwa ajili ya hayo serikali ya Marekani ilitoa amri mwaka 1981: ndege ikiwa chini ya futi 10,000, wakati wa kupaa na wa kushuka, hapana neno lisilo la kazi.

Amri haikutosha. Tarehe 31 Agosti 1988, katika kiwanja cha Dallas, marubani wa ndege ya Delta aina ya Boeing 727 walikuwa katika mstari mrefu wakingojea zamu ya kuruka. Waliongea na kucheka na mtumishi mmoja wa abiria. Wakataja kile kile chombo cha kunasa sauti, jinsi maneno ya marubani wa ajali nyingine yalivyotangazwa, wakatania kwamba nao yafaa waache maneno ya kuwafurahisha watu wa magazeti. Punde walirushwa. Walikuwa hawakushusha vile vibao vya mabawa vinavyoiwezesha ndege kupaa ikiwa na mwendo mdogo, na king'ora cha kuwaonya hakikulia. Ndege ilinyanyuka, ikayumba, ikaanguka mwisho wa kiwanja ikashika moto. Katika watu 108 walikufa 14. Utani wao uliwasikilizwa kweli na watu wa magazeti. Nilipoyasoma hayo sikuendelea kusoma kitu kingine siku ile.

Lakini kuna jibu la pili, nalo ni kwamba ukimya nao huua, na umeua wengi zaidi. Tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife, ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747 ziligongana juu ya njia ya kurukia katika ukungu. Moja ilikuwa ya KLM ya Uholanzi, ya pili ya Pan American. Walikufa watu 583, na hapana ajali ya ndege katika historia iliyoua watu wengi kama hiyo ya ndege mbili. Rubani mkuu wa KLM alikuwa mtu mashuhuri, mkuu wa mafunzo ya marubani, na picha yake ilitumiwa katika matangazo ya shirika. Alianza kukimbiza ndege akidhani ameruhusiwa. Mara ya kwanza rubani msaidizi alimkumbusha kwamba ruhusa bado, akasimama. Mara ya pili msaidizi hakumkumbusha tena. Injinia, aliyeketi nyuma yao, alikuwa amesikia katika redio maneno yaliyomtia shaka, akauliza kama ile ndege ya Pan American imekwisha kutoka njiani. Rubani mkuu akajibu kwa mkazo kwamba imetoka. Injinia akanyamaza. Baada ya sekunde chache waliiona mbele yao.

Nani katika sisi hamjui yule injinia? Sisi tumelelewa tusimkatize mkubwa. Mimi sisemi kwamba malezi hayo ni mabaya. Bila hayo bweni letu lisingekalika. Lakini wazee wetu waliiona hatari yake kabla ya Waholanzi, nao walitengeneza mlango. Mlango huo ni utani. Kwa jirani zetu wa Tanzania, mtani aweza kufika msibani akamwambia mfiwa, mbele ya watu wote, neno ambalo ndugu wa damu hathubutu kulinong'ona. Hapana awezaye kukasirika, kwa kuwa ni mtani. Neno limefika, na heshima haikuvunjika. Nilimwuliza yule mzee kama marubani wanalo jambo la namna hiyo. Alisema kwamba rubani msaidizi mwerevu huanza na mzaha, na mzaha usipofaa hulisema waziwazi, na hilo nalo lisipofaa huishika ndege.

Siku hizi jambo hilo hufundishwa darasani. Baada ya ajali hizo wataalamu walikutanishwa na NASA mwaka 1979, na kuanzia mwaka 1981 shirika la United lilianza kuwafundisha marubani wake jinsi ya kusemezana: mdogo aseme mpaka asikiwe, mkubwa aulize kabla ya kuamua. Mashirika ya nchi nyingi yakafuata. Marubani wakongwe walilicheka somo hilo mwanzoni, wakaliita shule ya adabu njema.

Mmoja aliyesema wazi kwamba lilimfaa ni Al Haynes. Tarehe 19 Julai 1989 alikuwa akirusha DC-10 ya United kwenda Chicago, injini ya mkiani ikapasuka na vipande vyake vikakata mirija yote ya mafuta yanayoendesha usukani. Ndege haikuweza kugeuzwa wala kuinuliwa kwa njia yoyote iliyomo vitabuni. Haynes hakujifanya ajuaye. Miongoni mwa abiria alikuwamo mwalimu wa marubani, Dennis Fitch. Akaitwa mbele, akapiga magoti sakafuni akashika vishikio vya injini mbili zilizobaki, wakaigeuza ndege kwa kuipa moja nguvu na kuipunguzia nyingine. Kwa muda wa dakika 44 watu wanne walikuwa wakiulizana. Katikati ya hayo Fitch alisema kwamba haya yakiisha watakunywa bia pamoja. Haynes akajibu kwamba yeye si mnywaji, lakini hiyo hakika ataikunywa. Mnara wa Sioux City ulipowaambia kwamba wana ruhusa ya kutua katika njia yoyote waitakayo, Haynes alicheka akauliza, kwani lazima iwe njia? Ndege ilitua kwa kasi mno, ikavunjika na kuwaka. Walikufa watu 112, lakini 184 walipona, wakati marubani wengine waliojaribu baadaye katika mtambo wa mafunzo hawakuweza kuifikisha.

Linganisheni kicheko hicho na kile cha Dallas. Marubani wa Dallas walicheka juu ya jambo lisilokuwapo mbele yao, na kazi ikasahauliwa. Haynes na Fitch walicheka juu ya kazi yenyewe, mikono ikiwa haijaiacha. Ndivyo nionavyo mimi, na mwenye maoni mengine na amwandikie Mhariri. Yuko pia Eric Moody wa British Airways, ambaye injini zake zote nne zilizimika juu ya Java tarehe 24 Juni 1982 kwa kuingia majivu ya volkano. Aliwatangazia abiria kwa utulivu kwamba kuna tatizo dogo, injini zote nne zimesimama, nao wanajitahidi sana kuziwasha, na kwamba anatumaini hawana wasiwasi mwingi. Ziliwaka, wakatua Jakarta salama wote 263. Alificha hofu yake, lakini habari yenyewe hakuificha.

Nimalize na jambo la kwetu, ambalo wengine wenu mtalikumbuka. Lori letu la shule, lile ambalo tangu zamani huitwa Labda Kesho, lilikuwa likitupeleka mashindanoni. Mimi nilikuwa kiranja wa safari. Tuliposimama kununua ndizi, kijana mmoja wa Kidato cha Kwanza alimwambia Bruda aliyekuwa akiendesha, "Bruda, gurudumu la nyuma linataka kushuka kabla yetu." Wote walicheka. Mimi nilimkemea kwa kumfanyia mkubwa mzaha, nikamwamuru apande na kunyamaza. Bruda hakucheka wala hakukemea. Alishuka akazunguka nyuma. Katika skurubu sita mbili zilikuwa hazipo, na ya tatu aliigeuza kwa vidole. Tulikaa pale saa tatu.

Jioni nilimwuliza yule kijana kwa nini hakusema waziwazi. Akanijibu, "Nilikwambia wewe kwanza, kaka, tulipokuwa tukiondoka. Ulisema nisiwe mwoga." Nilikuwa nimesahau kabisa. Sasa kila lori linapotaka kuondoka, Bruda humtuma yeye kuzunguka magurudumu yote, na akirudi hupiga saluti na kusema kwa sauti kubwa, "Abiria wamepanda wote, na magurudumu yamepanda yote." Mimi husubiri mpaka amalize, ndipo nami hupanda.